Jiwe Linalovutika, na Kinachotokea Mpakani

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali lakini zinabisha mlango mmoja, wa seramiki inayovutika kwenye moto, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Aliyeuliza kuhusu saruji inayochanika avumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa meno hapa Mombasa, nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya meno ya bandia. Siku hizi kazi nyingi ni za zirkonia, ile seramiki nyeupe, jamii ya sahani. Diski tunaichonga kwa mashine ikiwa bado laini, halafu tunaichoma kwenye tanuri hadi nyuzi 1500 hivi. Juzi nilichoma daraja refu la meno ya juu, upinde mzima. Nilipolitoa nikakuta limebonyea katikati. Halina ufa, limepinda tu. Bosi anasema nililishika vibaya likiwa la moto. Mimi sikuligusa mpaka lilipopoa. Halafu kijana wa mauzo anayetuletea diski akasema zirkonia ikipata moto wa kutosha inavutika hadi mara kumi. Nikamwona mwongo. Sahani ikianguka inavunjika vipande vipande, sasa hilo jiwe litavutikaje? Naomba unisaidie, maana mimi na bosi tangu siku hiyo tunasalimiana kwa shida. (Fundi wa meno, Mombasa)

JIBU: Marahaba, fundi. Yule kijana hakukudanganya, ingawa nina hakika hakujua anachokisema, kwa sababu tanuri lako haliwezi kufanya hivyo na diski zake si zile zilizoweka rekodi. Nianze na rekodi, daraja lako nitalifikia.

Mwaka 1986, huko Nagoya nchini Japani, Fumihiro Wakai na wenzake walichukua zirkonia yenye itria (oksidi ya itriamu) asilimia 3 kwa hesabu ya moli, si ya uzito, yaani jamii ileile unayoichonga wewe. Waliishika ncha zote mbili ndani ya tanuri la nyuzi 1450 za Selsiasi, wakaivuta polepole. Ikarefuka ikapita mara mbili ya urefu wake na haikukatika. Kwa upande wa metali hilo lilikuwa jambo la zamani, kwani Mwingereza C. E. Pearson alishaonyesha mwaka 1934 mchanganyiko wa bati na bismathi uliorefuka kwa asilimia 1950. Lakini seramiki! Vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimefundishwa kwamba seramiki inajua mambo mawili tu, kusimama na kuvunjika. Miaka minne baada ya Wakai, Nieh na Wadsworth kule Marekani waliirefusha zirkonia ya aina hiyo kwa asilimia 800, kwa nyuzi 1550. Mwaka 1995 Kajihara, Yoshizawa na Sakuma wakaitia silika (oksidi ya silikoni) asilimia 5 kwa uzito, wakashusha joto hadi nyuzi 1400, na bado ikarefuka kwa asilimia 1038. Hiyo ndiyo "mara kumi" aliyoisikia kijana wako mahali fulani.

Uliona jambo hapo? Joto limeshuka na urefu umeongezeka, na kilichobadilika zaidi ni ile silika kidogo. Mambo yote ya mwezi huu yamo humo.

Sasa jiwe linavutikaje? Chukua kipande cha zirkonia iliyochomwa, king'arishe mpaka ujione, kirudishe tanurini kwa muda mfupi kwenye joto lililo chini kidogo ya lile la kuchomea, kisha kitie kwenye hadubini ya elektroni. Utaona punje. Zimebanana pembe kwa pembe, kila moja ina upana wa nusu maikromita au pungufu. Kwenye unene wa unywele mmoja zinajipanga zaidi ya mia. Kati ya punje na jirani yake kuna mfereji mwembamba uliochongwa na ule moto wa pili. Huo ndio mpaka wa punje. Ndani ya punje atomu zimekaa kwa safu. Mpakani safu za upande huu hazikutani sawasawa na za upande ule, kwa hiyo atomu za pale hazikukazwa sana na zinahama kirahisi kuliko zile za ndani.

Seramiki ikiwa baridi punje haziwezi kusogea, na ukiivuta ufa unapita tu. Ikiwa kwenye moto mkali, punje zinateleza ubavu kwa ubavu, na atomu zinahama kutoka kona inayobanwa kwenda kona inayoachia ili pasibaki tundu. Fikiria gunia la mchele: likikaliwa linabadilika umbo, lakini hakuna punje ya mchele iliyobadilika umbo. Ushahidi upo wazi. Ukiitazama zirkonia iliyorefushwa mara kadhaa, utakuta punje zake bado ni za duara-duara kama zilivyokuwa mwanzo, hazikunyooka kufuata upande wa kuvutwa. Mimi picha hiyo ndiyo iliyoniaminisha. Milinganyo ya kitabuni nilikuwa naikubali kwa heshima tu.

Ndiyo maana udogo wa punje ni jambo la kufa na kupona. Punje zikipungua upana kwa nusu, kwa mzigo uleule kasi ya kuvutika inapanda mara nne, pengine mara nane. Punje zikinenepa, mchezo umekwisha, hata kama joto ni lilelile.

Turudi kwenye daraja lako. Wakati wa kuchoma, kazi yako inasinyaa karibu asilimia 20 kila upande. Daraja refu limeegemea sehemu chache, na zikisinyaa bila kulingana, huku mguu mmoja umekwama kwenye trei na mwingine unateleza, tayari lina sababu ya kupinda. Hiyo mara nyingi ndiyo sababu kubwa. Lakini uzito wenyewe nao una mkono wake. Katikati ya kuchoma, punje bado ni ndogo kuliko zitakavyokuwa mwishoni, vitundu bado vipo, na mwili mzima unalegea kwa namna ileile niliyokueleza. Ukiuacha muda mrefu kwenye kilele cha joto huku katikati pananing'inia, panabonyea taratibu. Ukipoa unakuta kitu kigumu, kizima, kilichopinda.

Na hapo ndipo bosi wako anapokosea. Zirkonia iliyotolewa tanurini ikiwa ya nyuzi mia chache haipindi hata uibane vipi; ukizidisha, inavunjika. Daraja lililopinda bila ufa limepinda ndani, kwenye moto wa juu, mlango ukiwa umefungwa. Mwambie hivyo kwa adabu, ukimpata amekunywa chai.

Kazi ijayo usikikate kile kiegemeo cha katikati kabla ya kuchoma. Najua kinachosha kukisaga baadaye, lakini ndicho kinachobeba upinde. Tumia programu ya polepole waliyoiandika kwa madaraja marefu, na usiongeze joto wala muda kwa kudhani unaongeza uimara. Halafu soma ile karatasi inayokuja na diski, ambayo mafundi wengi huitupa na boksi lake. Kiwango cha ISO 13356, kilichoandikwa kwa ajili ya vipandikizi vya upasuaji, kinataka itria iwe kati ya asilimia 4.5 na 6 kwa uzito, na alumina (oksidi ya alumini) isizidi nusu asilimia. Hiyo alumina, ambayo mara nyingi ni robo asilimia tu, haikuingia humo kwa uzembe. Ioni zake hukusanyika mpakani, husaidia kazi ikaze mapema tanurini, na hulinda jino lisichakae haraka kwa unyevu wa mdomoni. Kwa hiyo diski mbili za rangi moja na bei moja, zikitofautiana kwenye hiyo robo asilimia na kwenye ukubwa wa punje za unga, zinaweza kuwa na tabia tofauti kwenye programu moja ya tanuri. Ukibadilisha diski, jaribu kwanza na kazi fupi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa uhandisi, Dar es Salaam, na mradi wangu ni wa seramiki za joto kali. Vitu viwili vinanichanganya. Kwanza, niliandika kwamba silika ikiongezwa kwenye zirkonia inageuka kioo laini, inapaka mipaka yote ya punje, na punje zinateleza juu yake, ndiyo maana inavutika sana. Msimamizi ameipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni, "Una uhakika?" Pili, nimesoma kwamba alumina ukiitia itriamu kidogo inafanya kinyume kabisa, inakataa kuvutika. Sasa nyongeza ya mpakani inalainisha au inakaza? Muda wa kukabidhi umenifika shingoni. (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako anaijua kazi yake, na mimi namuunga mkono huo mstari mwekundu. Maelezo ya kilainishi ni matamu, yanaingia kichwani mara moja, na ndiyo sababu siyapendi: mtu akishayapata anaacha kuuliza.

Yana mahali pake, tusiyadhulumu. Silikoni naitraidi, seramiki ya silikoni na naitrojeni, ni mfano wenyewe. Haiwezi kuchomwa ikakaza peke yake, lazima itiwe oksidi kama itria na alumina, ambazo zinaungana na silika iliyopo juu ya unga na kuwa kioo kioevu. Kikipoa, kioo hicho kinabaki kati ya punje na punje, utando wa unene wa nanomita moja hivi (sehemu ya milioni ya milimita), na unene huo haubadilikibadiliki ovyo. Unategemea kilichomo ndani ya kioo. Kalsiamu ya kiasi kidogo mno, ambayo pengine imeingia na unga bila mtu kukusudia, inatosha kuubadilisha. Mwaka 1990 Wakai na wenzake walirefusha mchanganyiko wa silikoni naitraidi na silikoni kabaidi kwa zaidi ya asilimia 150, kwa nyuzi 1600. Humo ukizungumza habari ya kioo laini na mnato wake, hakuna atakayekupigia mstari. Kioo kikiwa chepesi, punje zinakwenda; kikiwa kizito, zinagoma.

Kosa lako ni kuchukua hadithi ya silikoni naitraidi ukaivika zirkonia. Watu wengi walifanya hivyo kabla yako, wakiwa na nywele nyeupe, basi usijione mnyonge. Mwaka 1997 Ikuhara, Thavorniti na Sakuma walichukua zirkonia iliyotiwa silika na kuitazama kwa hadubini ya elektroni yenye uwezo wa kuonyesha safu za atomu. Kioo walikikuta, ndiyo, lakini kimejificha kwenye vifuko vidogo pale punje tatu au zaidi zinapokutana. Kwenye uso wa punje mbili zinazotazamana hapakuwa na utando. Safu za punje hii zilikwenda mpaka zikagusana na za ile. Walipopima kemia ya mstari huo, silikoni ilikuwepo, imejikusanya ndani ya ukanda wa nanomita chache. Yaani silikoni ipo mpakani, na kioo hakipo. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na mradi wako unasimama au kuanguka hapo.

Bila utando, silika inafanya nini? Vile vifuko vya kwenye kona vinapunguza mkazo unaorundikana pale punje zinapokwamana, na vitundu vinachelewa kuzaliwa. Silikoni iliyokaa mpakani inazuia punje kukua wakati wa kuvuta. Na zaidi ya yote inabadilisha jinsi atomu za pale zinavyoshikana. Kundi la Sakuma lilifuatilia hili la mwisho kwa subira: wakajaribu kutia zirkonia oksidi mbalimbali, titania, oksidi ya jerimaniamu, wakapima mkazo unaohitajika kuivuta, kisha wakapiga hesabu za jinsi elektroni zinavyogawanywa kati ya ioni hizo na oksijeni. Mkazo na hesabu vikaenda pamoja. Ioni kadhaa zenye chaji ileile ya nne zinatoa matokeo tofauti kwa sababu kila moja inashika oksijeni kwa namna yake.

Ukitaka ushahidi mwingine wa kumridhisha msimamizi, tazama silikoni kabaidi. Mwaka 1999 Shinoda, Nagano, Gu na Wakai waliripoti silikoni kabaidi ya punje ndogo sana iliyotiwa boroni, ikarefuka kwa zaidi ya asilimia 140 kwenye nyuzi 1800. Mipaka yake haikuwa na kioo chochote. Ilikuwa na boroni iliyokusanyika mpakani, basi. Hapo habari ya kilainishi inakosa pa kukaa.

Sasa swali lako la pili, na hili ndilo ninalolipenda.

Ioni ya alumini ni ndogo, nusu kipenyo chake ni nanomita 0.054 hivi. Ya itriamu ni 0.09. Ukiitia itriamu ndani ya punje ya alumina haipati nafasi, inasukumwa nje mpaka ifike mpakani, ambako atomu hazikubanana sana. Kwa hiyo kiasi kisichoonekana kwenye mizani ya kawaida, sehemu moja ya kumi ya asilimia kwa moli, kinaishia karibu chote mahali pamoja. Kwenye miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lehigh kule Pennsylvania, Harmer na Chan wakiwemo, na kwa upande wao Yoshida, Ikuhara na Sakuma huko Japani, walionyesha kwamba kiasi hicho cha itriamu, au cha lutetiamu, metali adimu ya jamii yake, kinapunguza kasi ya alumina kulegea kwenye nyuzi 1200 na ushei kwa takriban mara mia. Mara mia, kwa chumvi ya kuonja!

Wengi walisema ni suala la kujaza nafasi: ioni nene imekaa njiani, nyingine hazipiti. Mwaka 2006 Buban, Ikuhara na wenzao wakaonyesha picha katika jarida la Science. Walitengeneza mpaka mmoja wa alumina kwa makusudi, punje mbili zikielekezwa kwa pembe maalumu, wakautazama kwa hadubini inayong'arisha zaidi atomu nzito. Mpakani palikuwa na pete za safu saba za alumini, zimejirudia kwa utaratibu, na kila safu ya itriamu ilikuwa imekaa katikati ya pete yake, mahali ambapo bila itriamu huwa ni pa alumini. Haikutapakaa wala haikurundikana. Hesabu zikaonyesha kwamba itriamu ikiwa pale inashikana na oksijeni nyingi zaidi kuliko alumini iliyoondoka, na kwa mshiko wenye nguvu zaidi. Ili punje iteleze lazima mishiko hiyo ivunjwe na kuungwa upya, na hapo ndipo gharama ilipopanda.

Kwa hiyo "inalainisha au inakaza" ni swali lisilo na jibu mpaka useme ni ioni gani, ndani ya seramiki gani, imekaa wapi, na imeshikana vipi na majirani. Itriamu hiyohiyo inayokaza alumina ndiyo inayoishi ndani ya zirkonia inayovutika kuliko zote.

Bado sijakuachia. Kabla ya kuandika kwamba kemia imefanya hivi au vile, pima punje zako kabla ya kuvuta na baada ya kuvuta. Nyongeza inaweza kuonekana imelainisha mpaka, kumbe imezuia tu punje zisikue, na tofauti yote uliyoipata ni ya ukubwa. Nimeona tasnifu nzuri zikianguka kwenye utetezi kwa swali hilo moja. Pia andika usafi wa unga wako kwenye jedwali la kwanza, si kwenye kiambatisho. Kulikuwa na ubishi wa miaka mingi kuhusu kipeo kinachounganisha mkazo na kasi kwenye zirkonia, yaani ile namba inayosema mkazo ukipanda kasi inapanda kwa kiasi gani: wengine walipata 2, wengine 3 na zaidi, na kila mmoja akaja na nadharia yake. Domínguez-Rodríguez na Jiménez-Melendo wa Sevilla, Hispania, na Chokshi wa Bangalore, India, ni miongoni mwa waliolivalia njuga, bila kukubaliana kuhusu maana yake. Lakini jambo moja lilijitokeza: zirkonia yenye uchafu zaidi inatoa 2 kwenye mkazo wowote, na iliyo safi inatoa 2 kwenye mkazo mkubwa, kisha inapanda kwenye 3 au zaidi mkazo ukipungua. Wengine walikuwa wanabishana kumbe hawakushika kitu kimoja mkononi.

SWALI: Mwalimu, habari za siku? Mume wangu alinivisha pete yenye jiwe la zirkonia. Nimemsikia mtoto wangu anayesoma sayansi akisema zirkonia inavutika kwenye moto. Mimi ni mama lishe, mikono yangu iko motoni kutwa. Jiwe langu litaharibika? (Mama lishe, Tanga)

JIBU: Njema, dada. Jiwe lako liko salama kuliko vidole. Zirkonia ya pete ni fuwele moja tupu, kipande kizima ni punje moja iliyokuzwa kutoka kwenye zirkonia iliyoyeyushwa. Haina punje jirani, kwa hiyo haina mpaka wa kutelezea, na ni katika vitu vigumu kabisa kuvutika kwenye joto. Jina ni moja na la jino la fundi wetu wa Mombasa, tabia mbalimbali. Dhahabu iliyolishika jiwe itayeyuka muda mrefu kabla, kwani hata iliyo safi kabisa haipiti nyuzi 1064. Ukiwa jikoni ivue tu, mafuta ya maandazi yanaificha nuru yake.

SWALI: Mwalimu, kama mambo haya yamejulikana tangu mwaka 1986, bidhaa ziko wapi? Mimi ni mfanyabiashara wa vipuri, sijawahi kuuza hata kimoja kilichotengenezwa kwa kuvuta seramiki. Au ni mambo ya maabara tu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na sababu ni za kibiashara unazozijua wewe kuliko mimi.

Ya kwanza ni muda. Kasi ya kawaida ya majaribio haya ni sehemu moja ya elfu kumi ya urefu wa kipande kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kukirefusha kipande kifike mara mbili ya urefu wake kunachukua saa mbili hadi tatu, tanuri likila umeme muda wote. Mwaka 2001 Kim, Hiraga, Morita na Sakka, huko Tsukuba, Japani, walionyesha njia ya kutokea. Walichanganya aina tatu za punje, zirkonia, alumina, na spineli, ambayo ni oksidi ya pamoja ya magnesiamu na alumini. Punje inakua kwa kula jirani wa aina yake, na hapa kila moja imezungukwa na wageni, basi zikabaki ndogo hata kwenye nyuzi 1650. Wakairefusha kwa asilimia 1050 kwa kasi ya 0.4 kwa sekunde. Kazi nzima haifiki nusu dakika. Mimi nilipoisoma nilidhani kiwanda kitafuata mwaka ule ule.

Hakikufuata, kwa sababu kuna vikwazo vingine. Kwa nyuzi 1650 utatumia kalibu ya nini? Chuma kimeshayeyuka. Grafaiti inaungua hewani, na ukitoa hewa, zirkonia inapoteza oksijeni na kuwa nyeusi, itakubidi uirudishe kwenye moto wenye hewa ili weupe urudi. Silikoni kabaidi inavumilia, lakini kuichonga iwe kalibu ni gharama. Halafu kuna vitundu. Kadiri unavyovuta ndivyo vinavyozaliwa kwenye kona za punje, na mteja wa kipuri cha seramiki analipia uimara; hatakubali kipande kilichojaa mianzo ya nyufa. Na mwisho kuna ushindani wa njia rahisi, ileile anayotumia fundi wa Mombasa: chonga kitu kikiwa laini, kisha kichome. Kwa maumbo mengi hiyo inatosha, na bei yake haina mpinzani.

Lakini usiseme elimu hii haikuingia sokoni. Imeingia kwa mlango wa pili. Mwenye kiwanda cha injini za gesi hataki kipuri chake kivutike hata kidogo, na kujua kinachofanya mpaka uteleze ni kujua namna ya kuukwamisha. Kwenye silikoni naitraidi za kazi za joto kali, oksidi ya lutetiamu imetumika badala ya itria na alumina, kwa sababu kioo inachokiacha mpakani ni kizito zaidi na sehemu yake kubwa inaweza kugandishwa iwe fuwele. Lutetiamu ni ghali, na ukiagiza vipuri hivyo utaona tofauti kwenye ankara kabla hujaiona kwenye injini.